Ragnhild Aliyeyavika Makaburi ya Tvedkær

Mchungaji Solvej, wajumbe wa baraza la usharika, majirani na nyote mliokuja na baridi hii, historia hii imeandikwa na watoto wa marehemu, Sidsel na Eskild, juzi Jumatano mezani kwa mama yao, na waliyemwomba aisome ni Asger Thorhauge, ndugu mdogo wa marehemu, wa tumbo moja, ambaye humu ndani atatajwa kwa jina kama mtu mwingine yeyote, kwa kuwa ndivyo historia inavyosomwa, na kwa kuwa akianza kusema "mimi" mapema hatafika mwisho.

Marehemu Ragnhild Vestermark alizaliwa Jumamosi tarehe 3 Februari 1951 katika shamba la Østerled, nusu saa kwa miguu kutoka kanisani hapa, akiwa mtoto wa kwanza wa Laurits na Ebba Thorhauge, wafuga nguruwe na wakulima wa viazi, akabatizwa siku ya Pasaka tarehe 25 Machi mwaka huo huo katika beseni hilo mnaloliona, na miaka minne baadaye akazaliwa Asger, ambaye alikabidhiwa kwa dada yake kila mama alipokwenda zizini, naye dada akamlea kwa amri, kwa kofi dogo na kwa mkate mweusi uliopakwa mafuta ya nguruwe, hata ikawa akiambiwa "Asger, nyamaza," Asger hunyamaza.

Alianza shule ya kijiji mwezi wa Aprili 1958, akapata kipaimara katika majira ya kuchipua ya 1965, na msimu wa baridi wa 1968 alipelekwa chuo cha mapishi na kazi za nyumbani, ambako alifukuzwa jikoni siku moja kwa kumwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba mchuzi wake hauna chumvi, akarudishwa kesho yake kwa sababu mchuzi kweli haukuwa na chumvi. Kuanzia 1969 alifanya kazi katika kiwanda cha maziwa cha hapa Tvedkær, hadi kilipofungwa mwaka 1985 na sote tukaanza kununua maziwa yaliyotoka mbali kuliko sisi tulikowahi kufika.

Tarehe 12 Oktoba 1974 alifunga ndoa katika kanisa hili na seremala Holger Vestermark, ambaye alimposa kwenye karamu ya mavuno mwaka uliotangulia, mbele ya meza nzima, akiwa amejikaza kwa bia mbili, na wazee wanakumbuka jibu alilopewa, "Holger, maliza kwanza viazi vyako," akavimaliza vyote, na chakula kilipoondolewa wakatoka nje wameshikana mikono. Mungu aliwajalia watoto wawili, Sidsel aliyezaliwa tarehe 9 Juni 1977, ambaye leo ni muuguzi mjini Aarhus, na Eskild aliyezaliwa tarehe 21 Januari 1980, fundi wa mitambo ya upepo kule Esbjerg, na wajukuu watatu. Holger alifariki ghafla kwa moyo tarehe 17 Machi 2010 akiwa kazini kwake kati ya mbao, na vuli ya mwaka huo Asger, ambaye hakuoa na ambaye alikuwa bado anapeleka barua kwa baiskeli ya posta, alihamia chumba cha juu nyumbani kwa dada yake kwa muda tu, na muda huo ukawa miaka kumi na mitatu.

Kazi iliyomfanya marehemu ajulikane ni hii iliyotuzunguka nje. Tarehe 1 Aprili 1986 aliajiriwa na usharika kuwa mtunza makaburi na mpiga kengele, akapiga kengele jua lilipochomoza na jua lilipozama, akawaoza wenye kuoana kwa mlio mmoja na kuwazika wenye kuzikwa kwa mlio mwingine, akachimba, akafyeka, akafagia, na alipotimiza miaka sabini akastaafu kwa cheti na maua, ila mrithi hakupatikana, baraza likamwomba aendelee mwaka mmoja, na mwaka ukazaa mwaka.

Mnajua vuli ya usharika huu ilivyokuwa mikononi mwake, kwamba kuanzia Septemba kila Alhamisi ya kwanza ya mwezi tulikutana ukumbini kula supu yake ya njegere za manjano na nyama ya nguruwe, tukaimba tukiwa tumeshiba, kwamba matufaa ya bustani zote yalikamuliwa juisi uani kwake, na kwamba wiki ya mwisho ya Oktoba trekta la Aksel Nørbjerg lilileta matawi ya msonobari kutoka msituni, sisi tukayabeba, naye akapiga magoti kwenye kila kaburi na kulaza tawi baada ya tawi hadi udongo usionekane, ili theluji itakapokuja imkute kila mmoja amevikwa. Hakuruhusu mtu mwingine alaze. Aksel alijaribu mara moja akaambiwa, "Wewe Aksel, hayo unawafunika watu au unawatandikia ng'ombe?" na tangu hapo akabaki kubeba. Makaburi ni mia mbili thelathini na moja, na yote yalikuwa tayari kabla ya Jumapili ya Watakatifu Wote, siku ambayo majina ya waliofariki mwaka huo husomwa hapa na kila familia hutoka nje na mshumaa wake.

Mwezi wa Mei mwaka huu baraza la usharika, kwa kuwa watu tumepungua, liliamua kwamba makaburi arobaini na matatu ambayo hayana tena ndugu aliye hai hayatavikwa matawi, isipokuwa kama Ragnhild mwenyewe atapenda kuyafanya wakati anaweza, na mwaka asipoyafanya yatasawazishwa na kuoteshwa nyasi. Baraza halikuwa na nia mbaya, na yeye hakugombana na mtu, alisema tu, "Basi mwaka huu naweza," akavaa kofia akaenda kupiga kengele ya jioni.

Kuhusu kuugua kwake, watoto wameandika hivi, naye Asger anasoma kama ilivyo: "Mama alianza kuugua Jumatatu tarehe 6 Novemba 2023, akapelekwa kwa daktari na siku hiyo hiyo hospitali ya mkoa, ambako alikutwa na saratani ya utumbo iliyokwisha kufika kwenye ini."

Hapa Asger anaomba aiweke karatasi chini. Sidsel, Eskild, sikuwaambia juzi mlipokuwa mnaandika, wala jana, nilikaa pale mezani na kikombe cha kahawa mkononi nikaona kalamu ikiandika tarehe hiyo, nikanyamaza. Historia ya marehemu husomwa kwa tarehe za kweli, na hiyo si ya kweli.

Dada yangu hakuanza kuugua tarehe 6 Novemba. Jumatatu tarehe 14 Agosti, saa nne asubuhi, nilimkuta jikoni ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili, zabibu nyekundu za kutengeneza jemu zimemwagika chini, nikamuuliza, "Dada, una nini?" akasema, "Okota hizo kwanza," nikaokota, na nilipoinuka akaniambia kwamba tangu mwezi wa Juni alikuwa anaona damu chooni. Nilimwambia twende kwa daktari, gari liko nje. Akasema, "Nitakwenda, nani amesema siendi? Nitakwenda Watakatifu Wote ikipita. Nikienda leo watanilaza, wakinilaza wale arobaini na watatu hakuna wa kuwavika, na wasipovikwa mwaka huu ndiyo basi, wanakuwa nyasi." Nikamwambia wale wamekufa, dada, wewe u hai. Akanitazama kwa hasira ambayo sijaiona tangu nikiwa mtoto, akasema, "Wamekufa na hawana mtu, mimi nina ninyi. Na ukimwambia Sidsel, bwana mdogo, nitakuhama humu ndani nikuachie nyumba. Niahidi." Nikaahidi. Miaka thelathini na minane nimepeleka barua za watu wa usharika huu, nyingine nilijua zimebeba nini kwa kuona tu bahasha, na hakuna aliyewahi kusikia neno kutoka kwangu, nikadhani na hii ni barua kama zile, kwamba si yangu kuifungua.

Mlimwona akikonda. Alhamisi ya supu ya Oktoba, Aksel, ulimwambia mbele ya watu, "Ragnhild, supu hii inatunenepesha sisi, mbona wewe inakukimbia?" naye akakujibu, "Mpishi hushiba harufu," ukumbi mzima ukacheka, mimi nilikuwa meza ya pili na kijiko kimesimama kwenye bakuli, na sikulaumu wewe wala mtu mwingine, kwa kuwa ninyi hamkujua.

Sidsel, ulikuja na watoto likizo ya katikati ya Oktoba. Ulimshika mama yako mkono jikoni ukamwambia, "Mama, umekonda sana, umepima?" akakwambia ni kazi za vuli, na wewe ambaye umesomea hayo hukuridhika, ukanifuata nje nilipokuwa nakupakilia maboksi ya matufaa kwenye gari, ukaniuliza, "Mjomba, niambie wewe. Mama yuko sawa?" Nikakujibu, "Yuko sawa." Ukaniamini, ukanikumbatia, ukaondoka. Ilikuwa Jumamosi tarehe 21 Oktoba, na ingekuwa rahisi mno kusema neno jingine.

Wiki iliyofuata alianza kuyavika makaburi. Siku za mwisho alikuwa hawezi kupiga magoti akainuka peke yake, nilimshika kwapani nikamwinua, nikamsogeza kaburi la pili, akapiga magoti tena, na nilipomwambia walau nilaze mimi haya ya ukutani akasema, "Huna mkono, wewe, utayalaza kama magazeti." Hata hivyo alicheka, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka naye. Jumamosi tarehe 4 Novemba saa tisa alasiri alimaliza la mwisho. Jumapili alipiga kengele, majina yakasomwa, mishumaa ikawashwa, na wengi wenu mlimshika mkono mkamwambia kwamba makaburi hayajawahi kupendeza hivi. Jumatatu asubuhi nilimkuta mlangoni amevaa koti la kanisani na mkoba begani, akasema, "Haya, twende."

Ndiyo hiyo tarehe 6 Novemba. Zilibaki siku ishirini na nne. Nilimuuliza daktari kwenye korido, Sidsel akiwa ndani, kama tungekuja Agosti ingekuwaje, naye, mtu mpole, alisema hayo hakuna anayeweza kuyajua, na nilimwona usoni kwamba alikuwa ananihurumia. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humfichua, lakini hawakusema chochote juu ya yule anayemsaidia kuficha. Siku tatu kabla ya mwisho tulipobaki wawili dada alinishika kidole kimoja, kwa kuwa mkono mzima ulimshinda, akaniambia, "Ahsante, Asger. Ulinyamaza vizuri." Angenitukana ningelala usingizi.

Alifariki Alhamisi tarehe 30 Novemba 2023, saa nane na dakika ishirini mchana, mikononi mwa Sidsel, Eskild akiwa miguuni pake, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, miezi tisa na siku ishirini na saba. Ingekuwa siku ya kawaida angekuwa anajiandaa kwa kengele ya jioni, na jioni hiyo Aksel, bila kuagizwa na mtu, aliipiga yeye.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia kwa upole siku zote ishirini na nne, inamshukuru Mchungaji Solvej aliyekuja kila siku na kuimba naye wakati sauti yake ilikuwa pumzi tu, wajumbe wa baraza aliofanya nao kazi miaka thelathini na saba, akina mama wa supu mlioleta vyungu mlangoni bila kugonga, na wewe Aksel, ambaye umechimba kaburi hili kwa mikono katika udongo ulioganda, ukakataa mashine.

Sidsel na Eskild, siwaombi mnisamehe leo mbele ya watu, maana mtu akiombwa msamaha kanisani, jeneza likiwa wazi mbele ya macho yake, atafanya nini zaidi ya kukubali. Jioni mtakaporudi nyumbani nitakuwa chumba cha juu, na mkitaka nihame semeni tu, nina sanduku moja. Ninachowaomba ni kwamba mrekebishe karatasi, pale palipoandikwa Novemba muandike Juni, na kuanzia tarehe 14 Agosti mjomba akijua, ili wajukuu wakikua wasome kilichotokea.

Dada, ulikuwa na haja ya wiki kumi na mbili za amani, nami nilikupa, na nilizichukua kutoka kwa watoto wako bila kuwauliza. Pumzika nazo.