Nilivyowapisha Wazee Huku Kifua Kikinibana

Bwana asifiwe. Mzee wa kanisa amenipa dakika tano, na nyote mnajua mimi na dakika tano hatuelewani. Leo nitajitahidi, maana daktari kanikataza kusimama muda mrefu, na mke wangu yuko pale benchi la pili ananitazama.

Ndugu zangu, mnanijua kama msimamizi wa zamu kwenye shamba la kijiji. Mnaujua na mdomo wangu. Mtu akija asubuhi akasema anaumwa, nilimwuliza mbele ya watu, "Unaumwa, au umeliogopa jembe?" Wengine niliwaita kupe. Watu walicheka, nami nikajiona najenga taifa.

Basi kifua kilipoanza kunibana mimi, nikakosa pa kusemea. Kilibana nikipanda kilima na gunia la viazi, nikawa nasimama najifanya nakagua miche. Nikipumzika, kinaachia. Mke wangu nilimwambia ni kiungulia. Akanichemshia tangawizi, nikanywa, nikamshukuru. Wiki tatu nilimdanganya mama wa watoto wangu.

Asubuhi moja kikabana, hakikuachia. Ilikuwa kama mtu kanikalia kifuani. Mke wangu hakuniuliza tena, alinipandisha kwenye lori la mboga tukashuka hospitali.

Pale ndipo nilipofanya ujinga ninaotaka muusikie. Mke wangu alikwenda dirishani kuchukua kadi, mimi nikabaki kwenye benchi la wagonjwa. Akaja mzee na mkongojo. Shikamoo mzee, nikampisha. Akaja bibi anakohoa. Shikamoo bibi, nikampisha. Nawaambia, niliwapisha wazee wanne. Ndivyo tulivyolelewa huku kwetu. Lakini nisiseme uongo ndani ya nyumba ya Mungu, haikuwa heshima tupu. Niliogopa kuingia. Kila mzee aliyekaa mbele yangu aliniongezea muda wa kutojua ninaumwa nini.

Kulikuwa na nesi anapita kwenye mabenchi, anamtazama kila mtu usoni. Akafika kwangu.

"Shikamoo baba. Unaumwa nini?"

"Marahaba. Kiungulia tu, mwanangu. Waangalie wazee kwanza."

Hakuondoka. Ukungu ulikuwa umeingia mpaka barazani, watu wamejifunika mablanketi, mimi jasho linanitiririka.

"Mbona umeushika huo mkono wa kushoto?"

Nikauachia. Yule bibi wa kikohozi akanigeukia. "Mwanangu, mimi kikohozi changu ni cha tangu mwaka jana, kinaweza kusubiri. Heshima yako nimeiona. Sasa sema unachoumwa."

Nikasema, "Kifua. Wiki ya tatu sasa." Na nikalia, mtu mzima, mbele ya wazee wale.

Hapo ndugu zangu nikaona watu wanaojua kazi. Nesi alinizuia hata kuinuka, machela ikaletwa pale pale nilipokaa. Hakuna aliyeniuliza kadi. Daktari aliacha alichokuwa akifanya, akanisikiliza kifua, akanipima presha, akaniuliza taratibu kama tuna siku nzima: maumivu yalianza lini, yanapanda shingoni, yanafika tayani? Nikachomwa sindano, na yule aliyenikalia kifuani akaanza kuinuka.

Nikamwuliza, "Daktari, nimechelewa?"

"Umechelewa, ila umefika. Moyo wako umekosa damu. Kazi yako sasa ni kulala."

Wiki nne nililala. Sikuruhusiwa hata kujiogesha. Walinigeuza, walinilisha, walinisafisha bila kukunja uso. Siku moja nikamwambia yule nesi kwamba naona aibu, wenzangu wako shambani wakati mimi nimelala, wataniita kupe. Aliendelea kunikausha mgongo. Akasema, "Baba, mgonjwa si kupe."

Alisema kawaida tu, hakujua amenichoma wapi. Niliowatukana mko humu ndani leo. Naomba mnisamehe.

Nawashukuru mlionilimia shamba langu bila kuombwa. Namshukuru mke wangu, aliyekaa kando ya kitanda bila kunikumbusha tangawizi yake. Wale wa hospitali, Mungu awape nguvu, maana walinitunza kama ndugu yao ilhali jina langu walilisoma tu kwenye kadi. Nanyi mlio na umri wangu, kifua kikibana, semeni mlangoni, kwa sauti. Wazee watawapisha.

Namalizia. Ijumaa mtu mmoja alinivuta kando ya njia, akaniambia kifua kinambana akipanda kilima, akaniapisha nisimtaje. Simtaji. Ila ndugu yangu, umekaa humu, na naona umeanza kuangalia miguu yako. Tukitoka hapa nitakupitia kwako, tushuke hospitali leo hii. Mkeo akiuliza tunakwenda wapi, mwambie. Ukishindwa, nitamwambia mimi.