Refa, Mionzi na Chupa ya Mizizi

Ndugu waombolezaji, marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Refa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga, akaanza shule ya msingi ya nyuma ya soko mwaka 1966, akahitimu chuo cha ualimu mwaka 1979, akafundisha hesabu hadi alipostaafu, na jioni akachezesha mpira, ambako aliwahi kuwapa wapinzani wa timu ya kaka yake penalti dakika ya mwisho, kaka akamnunia msimu mzima.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1984, wakajaliwa mabinti wawili.

Mei 2021 aligundulika kuwa na saratani ya figo, iliyokwisha kusambaa kwenye nyonga na mapafu, na kwa kuwa nyonga ilimnyima usingizi, madaktari waliipiga mionzi nyonga hiyo peke yake, kupunguza maumivu tu, lakini picha za Novemba zikaonyesha vivimbe vya mapafuni, ambavyo mionzi haikuvigusa, vimenywea. Daktari alieleza kwamba huenda seli zilizokufa nyongani ziliishtua kinga ya mwili, ikamtambua adui na kumfuata alikojificha, jambo la nadra mno, asilitegemee mtu.

Basi kila mtu akadai goli ni lake. Muuza mitishamba, aliyempa chupa ya mizizi, alibandika picha ya Refa kibandani, na Refa, ambaye hakuionja hata tone, akanyamaza, eti mwacheni mzee wa watu atafute riziki. Ndipo shemeji yake, mdogo wa mkewe, mwenye uvimbe kwenye titi, alipoacha hospitali akanunua chupa. Refa alimfuata hadi jikoni, akamwambia ya kwake iko uvunguni, haijafunguliwa, shemeji akamuuliza nyonga ichomwe halafu mapafu yapone, hadithi gani hiyo ya kumdanganya mtu mzima, naye akakubali kwamba hata yeye inamshangaza, ila asichokunywa hakiwezi kumponya. Siku hiyohiyo aliibandua picha mbele ya wateja, akasema yote, na shemeji akarudi kwa madaktari, uvimbe ukiwa umekua.

Saratani ilirudi, safari hii kwenye ini, akafariki nyumbani tarehe 3 Machi 2023.

Familia inawashukuru madaktari, wauguzi, majirani, walimu wenzake, na muuza mitishamba, aliyeleta viti.

Shemeji hamumwoni hapa, na minong'ono tumeisikia. Saa hii yuko hospitali, amelala chini ya mashine ya mionzi, kwa sababu marehemu alimwapisha asikose hata siku moja, hata ikiwa ni siku ya kumzika yeye.

Pumzika kwa amani, Refa, shemeji yako amekwenda.