Wasifu wa Mama Pasi, Dobi Mkuu, Pamoja na Ombi la Kumruhusu Aende

Kwa Mheshimiwa Katibu wa Hospitali, Wajumbe wa Bodi, Mchungaji wetu, na wafanyakazi wenzangu wa idara zote,

Salamu za heshima zitangulie. Madhumuni ya maandishi haya ni mawili. La kwanza ni kueleza kwa ufupi utumishi wa Dobi Mkuu wa hospitali yetu ya kanisa, ambaye sote tunamwita Mama Pasi, anayetimiza miaka thelathini na miwili kazini na ambaye siku yake ya kustaafu ni tarehe thelathini ya mwezi huu. La pili ni ombi, ambalo nimeliweka mwishoni, mahali panapostahili ombi.

Mama Pasi aliajiriwa akiwa mfuaji wa mikono, enzi ambazo chumba cha kufulia kilikuwa makaro ya saruji na kamba zilizofungwa kwenye nguzo za uzio. Katika uongozi wake mashine zilikuja, boila la kuchemshia maji likaja, na ile desturi mbaya ya kuchanganya nguo za wodi na nguo za chumba cha upasuaji ikakoma. Jina lake alilipata kwa kuwa shuka halikutoka mikononi mwake likiwa na kunyanzi. Wapo wanaodai kwamba hata mtu hakutoka.

Hata hivyo, mchango wake mkubwa haukuwa wa sabuni. Sisi ni watu wa sala. Kila asubuhi tunaomba pamoja kabla ya kushika kazi. Kutokana na mazoea hayo mema kulizuka miongoni mwetu mazoea mengine yasiyo mema sana, nayo ni kumrudishia Mwenyezi Mungu kila uamuzi ambao alikwisha kutupa akili ya kuufanya.

Itakumbukwa kwamba msimu mmoja wa mvua mfuaji wetu mmoja aliomba kwa imani kubwa kwamba mvua isinyeshe, akaanika nje nguo zote za upasuaji. Mvua ilinyesha kabla hajarudi ndani na beseni. Upasuaji ukaahirishwa, na daktari akaja mwenyewe hadi kwenye mlango wa chumba cha kufulia. Mama Pasi hakumdhihaki mwenzetu. Alimsaidia kuanua, kisha akamwambia: “Mwanangu, Mungu alikujibu kabla hujaomba. Jibu lilikuwa limetanda juu ya kichwa chako, wewe ukafumba macho.”

Dereva wetu wa gari la wagonjwa, tunayemwita Kidole, alikuwa na njia yake. Alikuwa akifungua Biblia popote, anafumba macho, anaweka kidole, na penye kidole ndipo penye jibu. Alipotaka kuacha kazi akauze simu, kidole kiliangukia orodha ya majina ya mababu. Akatangaza kwamba hao ndio wateja, na kwamba ni wengi. Mama Pasi alimuuliza mkewe anasemaje. Kidole akajibu kwamba bado hajamweleza. “Yaani umemuuliza aliye mbinguni,” Mama Pasi akasema, “na mnayekula naye sahani moja hujamuuliza?” Kidole alikwenda kuuliza. Gari la wagonjwa bado analiendesha yeye.

Isidhaniwe kwamba aliidharau sala. Aliomba kuliko wengi wetu, ila aliomba huku akiwa tayari kukataliwa. Alishikilia kwamba Neno husomwa kila siku, kwa utaratibu, lipendeze lisipendeze, wala halisomwi kwa kuwindwa siku ya shida. Alishikilia pia kwamba hakuna uongozi wa Mungu unaomtaka mtu adanganye au aache zamu, na kwamba mwenye nia ya haki haogopi kuwauliza wanaomfahamu vizuri. Baada ya hapo, alisema, mtu aamue na atembee. Akipotea, Mchungaji Mwema anazijua hata njia za vichakani.

Mafundisho hayo yamemrudia mwenyewe mwezi huu. Bodi ilimwomba aongeze miaka miwili. Kabla hajajibu, sisi tulikuwa tumekwisha kumjibia. Mchungaji aliota amemwona akiwa amevaa nguo nyeupe katika chumba cha kufulia. Mpishi mkuu akabainisha kwamba mle ndani kila mtu huvaa nguo nyeupe. Kidole naye, kwa kuwa mazoea yana taabu, aliweka kidole kikaangukia neno la kukaa. Mama Pasi alitusikiliza wote kwa adabu, kisha akasema: “Wanangu, Mungu aliyewaambia ninyi kwamba nibaki, kwangu pia anapajua.”

Aliomba apewe juma moja. Katika juma hilo alimwachia msaidizi wake uendeshaji wote, yeye akakaa kwenye benchi akikunja foronya. Msaidizi hakuja kumuuliza neno hata mara moja, na mashuka yalifika wodini kwa wakati. Jambo hilo lilimuuma kidogo, amelikiri mwenyewe. Jumapili alikwenda kwa dada yake mkubwa, ambaye miguu imemwishia nguvu na ambaye huishi kwa hisani ya majirani. Alimuuliza kama anamhitaji. Dada alikana kabisa, akamwambia arudi kwa wagonjwa wake, kisha akashindwa kuinuka kumfungia mlango.

Jumatatu, katika sala ya asubuhi, Mama Pasi alitueleza uamuzi wake. “Nilitamani sana kubaki,” alisema. “Lakini kila nikiichunguza ile sauti iliyoniambia nibaki, naona inafanana mno na yangu.” Akaongeza kwamba huenda amekosea, kwamba moyo wake hata hivyo umetulia, na kwamba anaondoka tarehe iliyopangwa. Mpishi mkuu alilia. Hakuna aliyebisha.

Mama yetu, tunakushukuru kwa mikono iliyotufulia na kwa ulimi ulioturudi. Tunakuombea afya, usingizi usiokatwa na king’ora cha boila, na siku nyingi za amani pamoja na dada yako.

Sasa nafika kwenye ombi. Hadi ninapoandika, Bodi haijakubali kustaafu kwake, ikieleza kwamba inaendelea kuomba ili ioneshwe njia. Msaidizi hajathibitishwa, makabidhiano hayajaanza, na dada anasubiri. Sisi wafanyakazi tuliotia sahihi tunaungana na Bodi katika sala. Tunaomba kwa unyenyekevu kwamba katika kikao cha Jumatano hii Bodi ikubali kustaafu kwa Mama Pasi bila nyongeza, imthibitishe msaidizi wake kuwa Dobi Mkuu, na itujulishe uamuzi huo siku hiyo hiyo.