Garnet na Viza ya Australia

Kijiwe chetu ni benchi moja ndefu ndani ya duka la ushirika, kati ya birika la kahawa na magunia ya chumvi ya ng'ombe. Nje ni Februari ya Saskatchewan, baridi mpaka mbwa wanatembea kwa kurukaruka, kwa hiyo hakuna anayeondoka mapema. Wenyewe ni watatu: Meya, aliyegombea umeya mara tatu akaangushwa zote, Fundi, ambaye hakuna trekta lililowahi kupona mikononi mwake, na mimi, Sajini, ambaye jeshi nimeliona kwenye televisheni. Alhamisi ile akaja mwanangu Garnet, simu mkononi. Alikuwa anaomba viza ya Australia, ile ya kutalii mwaka mzima huku ukifanya vibarua. Mwisho ni miaka thelathini na tano, naye kesho yake anatimiza thelathini na sita. Fomu ilishajazwa, imebaki kubonyeza tu. Mimi sikutaka aende. Ng'ombe themanini walikaribia kuzaa, na tangu mama yake afariki tumebaki wawili nyumbani.

— Usibonyeze kwanza, nikamwambia. Wale jamaa wanakagua meno.

— Meno ya nini, Baba?

— Ya kutafunia kangaruu. Unadhani nyama yake inalika kama ya ng'ombe wetu?

Meya akacheka mpaka kahawa ikamwagika.

— Sajini, acha fiksi! Wanakagua kipara. Jua la kule halitaki mchezo. Binamu ya shemeji yangu alirudishwa uwanja wa ndege, kofia mkononi.

— Binamu gani huyo? akauliza Fundi.

— Humjui.

— Hata wewe humjui! Sikiliza, Garnet, mimi nakuunga mkono. Wahenga walisema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Na Australia ndiyo mvungu wenyewe wa dunia! We inama tu.

— Ainame wapi sasa? nikamkata. Usiache mbachao kwa msala upitao.

— Msala gani? akadakia Fundi. Kijana ana ujuzi! Garnet, umeandika kwamba unazalisha ng'ombe?

— Nimeandika, mzee.

— Kuchomelea vyuma? Kuendesha mashine ya kuvunia?

— Hawajauliza yote hayo.

— Ongeza! Watakupokea na bendera.

Meya akatazama saa ya ukutani.

— Lakini jamani, hapa ni saa nne asubuhi. Kule Sydney si Ijumaa tayari? Saa tisa za usiku! Garnet, kwa hesabu ya kule umeshazeeka, mwanangu.

Garnet akabadilika rangi. Mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi.

— Basi yamekwisha, nikasema. Liandikwalo ndilo liwalo. Twende tukawape ng'ombe majani.

Hapo akaja Shona na birika. Huyu binti ni wa Tasmania, wiki yake ya pili anauza pale dukani, kwa viza ya namna hiyohiyo.

— Shona, wewe walikukagua meno? akauliza Garnet.

— Meno? Hapana. Ila ukichelewa kutuma, utajilaumu.

Akatumiminia kahawa, kisha akatutazama mmoja mmoja.

— Samahani, wazee wangu. Likizo yenu ya mwisho mlikwenda wapi?



— Mimi nilikwenda mjini Regina, akasema Meya.

— Ulikwenda hospitali kutolewa nyongo, Fundi akamkumbusha.

— Na wewe, Fundi? akauliza Shona.

— Saskatoon. Siku mbili nzima.

— Ulifuata gia ya trekta! Meya akamrudishia.

Wote wakanigeukia mimi. Marehemu Olena wangu, mama yake Garnet, alitaka kuiona bahari. Kila mwaka nilimwambia, mke wangu, tukimaliza kuvuna. Tukimaliza kuvuna, ng'ombe. Wakimaliza ng'ombe, kupanda. Alikufa hajaiona, na wa kulaumiwa ni mimi. Iliniuma pale kwenye benchi kama imetokea jana.

— Baba? akasema Garnet. Uko sawa?

— Bonyeza.

— Na ng'ombe je?

— Ng'ombe watazaa. Na kama kule umeshazeeka, wakuambie wenyewe. Bonyeza upesi, kabla sijageuka tena.