Jonah Kiilu na Gemu ya Mabomu ya Emali

Mchungaji, mama yetu Nthenya, ndugu, majirani na marafiki, kabla hatujamshusha Jonah Kiilu kaburini, familia inaomba mtulie muyasikie maisha yake hadi mwisho, hasa ninyi vijana mliosimama langoni na mawe mikononi.

Jonah alizaliwa tarehe 9 Aprili 1958 hapa nyumbani, karibu na Salama, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Kiilu na Mama Nthenya, akimfuata kaka yake Kiema. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza darasa la saba mwaka 1971, na karo ya sekondari ilipokosekana akaenda Machakos kujifunza ufundi wa redio, kazi ambayo kwa kweli alikuwa ameshaianza kwa kuifungua redio ya baba bila ruhusa, akachapwa kwanza, kisha redio ikaongea.

Mwaka 1979 alifungua kibanda chake Emali, na tarehe 20 Agosti 1983 akafunga ndoa kanisani na Kalondu, Mungu akawajalia mabinti wawili, Mumbua mwaka 1985 na Ndinda mwaka 1989.

Mwaka 1992, Abdallah Amin, mzaliwa wa Mwingi aliyekuwa akiuza nguo mlango wa pili, alirudi kutoka Mombasa na gemu ya televisheni iliyoungua, Jonah akaitengeneza, na wawili hao wakafungua chumba cha kuchezea karibu na stesheni. Wengi wanaisema gemu hiyo bila kuiona, kwa hivyo tuieleze: watu wanne, kila mmoja na kidude chake mkononi, anamwendesha mtu wake mdogo wa kwenye kioo katika vichochoro vyenye kuta, unatega bomu, unajificha kabla halijalipuka, na ukichelewa unalipuliwa na la kwako mwenyewe. Jonah alikuwa bingwa, tena mwenye domo, aliwatania madereva wa malori hadi wakasahau safari, na Abdallah, aliyeshindwa karibu kila Jumamosi kwa miaka sita, hakuacha kurudi.

Machi 1997 daktari alimwambia Jonah kwamba moyo wake umevimba, akampa dawa na kumwonya apumzike. Jonah alimwapisha mkewe asimwambie mtu, hata mama, hata kaka, kwa kuogopa tungemzuia asitoke nyumbani, na Kalondu akanyamaza, akateseka kwa kunyamaza huko, na leo ametupa ruhusa tuseme.

Jumamosi tarehe 14 Novemba 1998, mchana, Jonah alicheza na Abdallah na madereva wawili. Wiki nzima imesemwa hapa matangani kwamba Abdallah alitia uchawi kwenye mashine, kwamba bomu lake lilipolipuka kwenye kioo ndipo ndugu yetu akaanguka, na Kiema akaapa kwamba mtu huyo hatakanyaga boma hili. Madereva hao wako hapa, na jana walimweleza Kiema ana kwa ana kwamba Abdallah alikuwa ameshatolewa mapema, hana mtu tena mchezoni, na bomu lile alilitega Jonah mwenyewe, kisha kidole chake hakikusogea. Wengine walidhani anatania. Abdallah peke yake aliacha kutazama kioo akamtazama usoni, akapiga kelele, "Jonah, toka hapo! Toka!", akamdaka kabla hajafika sakafuni, akambeba mgongoni hadi kwenye lori, na njiani kwenda hospitali Jonah akakata roho mikononi mwake.

Tunamshukuru daktari aliyemtibu, majirani waliotuletea maji na kuni, mafundi wenzake, na madereva waliomsafirisha hadi nyumbani. Mama Nthenya ameamua, na Kiema amekubali kwa shida, kwamba baada ya Kalondu na watoto, udongo utatupwa na Abdallah, ambaye tangu asubuhi yuko barabarani kwa kuzuiwa kuingia. Kiema, tafadhali nenda umlete.

Pumzika kwa amani, Jonah, hatutakufunika mpaka mwenzako afike.