Fundi Miwani Aliyetangaziwa Kifo Kabla ya Siku Yake

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Macho Manne, alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, mtoto wa pili wa fundi saa na mshonaji wa mashuka ya hospitali.

Alianza shule mwaka 1965 na kumaliza kidato cha nne mwaka 1976. Huko ndiko alikovalishwa miwani nzito, na jina pamoja nayo. Wenzake walimcheka mpaka alipokata mkufu wa mama yake na kuzifunga shanga kwenye mikono ya miwani. Nyumbani alichapwa. Shuleni, wasichana wenye macho mazima walianza kumwomba awaazime.

Mwaka 1984 alifungua karakana, chumba kimoja chenye dirisha kubwa na meza ya baba yake. Hakutengeneza miwani ya kuficha mkobani. Alichonga fremu za pembe, akazitia nakshi za shaba na kuzining'iniza kwenye mikufu, ili mtu avae miwani ya kusomea kifuani kama kito, hata kama hana cha kusoma. Kila uso aliupima kwa mkono wake.

Tarehe 14 Juni 1986 alifunga ndoa na seremala, baba yetu, aliyemtangulia mwaka 2009. Ndoa hiyo ilimpa watoto watatu na shemeji mmoja, mdogo wa mumewe, ambaye marehemu alimlisha, akamvisha na kumfundisha kazi. Shukrani ya punda ni mateke, na tunasema hivyo bila nia ya kumtukana punda.

Mwaka 2017 kisukari kilimlaza hospitali. Shemeji alichukua ufunguo, akahamishia vifaa vyote kwenye karakana aliyojifungulia mwenyewe, akawaambia wateja kwamba fundi amefariki. Kupima nyuso aliona ni usumbufu, akanakili tu miwani aliyoikuta mezani. Kumbe ilikuwa ya marehemu mwenyewe, ambaye sikio lake la kushoto lilikaa chini kuliko la kulia. Wateja wote wakatembea na miwani kombo, kama watu waliotoka kupigwa kofi.

Mmoja wao, mama wa makamo, alimkuta marehemu kwenye benchi la kliniki, akapiga yowe.

"Wewe si ulikufa?"

"Nani kakwambia?"

"Shemeji yako! Alilia mpaka nikambembeleza mimi."

"Haya, lete hiyo miwani nikunyooshee. Na wenzako waambie marehemu kafungua."

Walirudi wote. Shemeji alifunga mlango kabla mwaka haujaisha. Marehemu alifurahi sana, na sisi wanawe tulifurahi kuliko yeye.

Alifariki, safari hii kweli, asubuhi ya tarehe 3 Agosti 2021, baada ya figo kushindwa. Siku chache kabla ya hapo shemeji alikuja na matunda, akapiga magoti kuomba radhi. Marehemu alimtazama juu ya miwani.

"Ngoja kwanza, shemeji, nina kazi za watu. Zamu yako ikifika nitakuita."

Hakumwita.

Ameacha watoto watatu, wajukuu watano, dada mmoja, na shemeji aliyeketi mstari wa tatu. Katika ratiba mliyoshika pameandikwa "Neno kutoka kwa shemeji." Marehemu ndiye aliyeagiza paandikwe, na akaagiza asipewe kipaza sauti. Tukifika hapo tutanyamaza sote, tumtazame.

Mama apumzike kwa amani. Baba mdogo, wewe bado.