Dada Tokeni, Muuguzi wa Idara ya Dharura

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 4 Machi 1958, kifungua mimba wa fundi mwashi na mshona nguo. Baada yake walifuata wadogo wanne. Kitinda mimba ni huyu fundi wa kuchomelea vyuma anayesoma wasifu huu, na mtamsamehe akipaza sauti, maana amezoea kushindana na mashine.

Tangu utotoni marehemu hakumung'unya maneno. Jirani alipokuja kuazima pasi, marehemu alimkazia macho akamuuliza, "Mama, mbona ulikuwa unalia?" Mama yetu alimfinya paja hadi akaruka. Lakini yule jirani aliketi, akasema ya moyoni mpaka mchana, na pasi akaisahau.

Alimaliza sekondari mwaka 1976, baiolojia akiimudu, hesabu zikimtoa jasho. Alihitimu uuguzi mwaka 1980, akapangiwa idara ya dharura ya hospitali kuu, akakaa hapo mpaka alipostaafu mwaka 2018. Wakubwa walitaka kumhamishia kliniki ya macho, kwenye utulivu. Alikataa katakata.

Enzi hizo mtu aliyejaribu kujiua alitibiwa mwili, akagombezwa, akarudishwa nyumbani. Siku moja aliletwa mwalimu wa kike. Marehemu alimuuliza kama alitaka kufa, mume akiwa amemshika mkono na mama mkwe amesimama miguuni pa kitanda. Mwalimu akajibu, "Hapana, ilikuwa ajali." Marehemu akaamini, akamruhusu. Wiki haikuisha, mwalimu akaletwa tena, hali mbaya kuliko mwanzo. Alipopata nafuu alisema, "Sista, ningesemaje mbele ya mama mkwe?"

 Kuanzia siku hiyo marehemu akaweka sharti lake: kabla ya swali, ndugu wote nje. "Jamani, tokeni!" Jina la Dada Tokeni likamganda. Wazee walikuja juu: "Mimi ni baba yake, nitoke niende wapi?" Naye akawajibu, "Kanywe chai, baba yangu. Huyu niachie mimi." Kisha anavuta kiti, anakaa, anauliza bila kupepesa macho: "Umefikiria kujiua?" Daktari mmoja alihofia kwamba swali lile litampa mgonjwa wazo. Marehemu akamwambia, "Wazo analo tayari, daktari. Amekosa wa kumwambia." Na hakuishia kwenye swali. Alipanga na mgonjwa nani atakaa naye na vitu gani viondolewe nyumbani, na kesho yake alimpigia simu. Miaka ilivyosonga, idara nzima ikafanya kazi hivyo, na wauguzi vijana wakafundishwa naye.

Mwaka 1986 alifunga ndoa na dereva wa gari la wagonjwa. Shemeji yetu husema kwamba bibi harusi wake alimfukuza chumba cha mgonjwa pamoja na ndugu hata kabla hajamjua jina, naye akajisemea, huyu ndiye. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa tufike kwenye lile ambalo wengi wenu mmelisikia kwa kunong'onezana. Juni 2011, miezi michache baada ya kumzika mkewe, mdogo wake huyu anayesoma alijaribu kujiua. Aliletwa idara ileile, dada yake akiwa zamu. Dada alimshika uso kwa mikono miwili, akaanza kuita dawa na watu. Muuguzi kijana, mwanafunzi wake mwenyewe, akamwambia, "Sista, tafadhali toka."

"Mimi ndiye mkubwa wa zamu hapa!"

"Leo wewe ni ndugu, Sista."

Alitoka. Mdogo wake alimsikia akilia nje ya pazia, na yeye alikuwa amekwisha kuutayarisha uongo wake, uleule wa ajali. Ukweli ni kwamba dada aliyemlea angedanganywa mchana kweupe. Lakini aliyeuliza alikuwa mtu baki, amekaa kitini, hana haraka. Fundi akajibu, "Ndiyo. Na bado nataka." Jibu hilo ndilo lililofanya alazwe, atibiwe, na apewe mtu wa kuzungumza naye kila wiki hadi akapona. Dada naye akawa anapiga simu kila asubuhi: "Umeamkaje? Na usinidanganye, nakujua."

Mwaka 2022 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya matiti. Aliugua akiwa anatania wauguzi na kuwakosoa wanavyotandika vitanda. Mwezi uliopita alimwita mdogo wake: "Wasifu wangu utausoma wewe. Na ya kwako uyaseme."

"Dada, watu watasemaje?"

"Waache waseme. Huenda pale nyuma yupo mmoja anayetaka kufa, na hajawahi kumwona mtu aliyewahi kutaka, amesimama na suti."

Aliaga dunia tarehe 12 Mei 2024, mumewe akiwa kando yake.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba, wadogo wanne, na wauguzi wanaoendelea kuuliza. Wewe uliye pale nyuma, kama upo: fundi haondoki hapa mpaka umfuate, na atakusikiliza mkiwa wawili tu.

Dada yetu, lala kwa amani. Mdogo wako ameamka vizuri leo, na hadanganyi.